Kigoda cha Ishirini na Tatu

Nilitaka kumshukuru mtu aliyeniokolea mtoto, na kwa muda wa masika nzima niliamini kwamba kwa shukrani hiyo hiyo nimemuua mtoto huyo. Naandika haya nikiwa bado na hasira. Nyingine ni hasira ya surua, nyingine ni yangu mimi mwenyewe, lakini fungu kubwa ni la mzee mmoja wa Nyarero ambaye sitamtaja jina. Hata sisi tuliokaa naye jirani miaka yote hatukulitumia jina lake. Tulimwita Mwalimu wa Vidudu.

Neno hilo, vidudu, mama mkwe wangu hakulipenda hata siku moja. Misheni ndiyo iliyolileta, kwa maana ya watoto ambao bado hawajafikia darasa la kwanza. Mama mkwe alisema, "Wenzako wanasomesha watoto wawe makarani. Wewe na darasa lako la kumi unampeleka wako akawe mdudu." Nikampeleka hivyo hivyo. Ghati alikuwa na miaka minne, na mimi nilikuwa na cherehani na kazi za watu za kushona, na mtoto wa umri ule na sindano havikai chumba kimoja.

Huyo Mwalimu hakuwa mtu unayemfikiria ukisikia neno mwalimu wa watoto. Alikuwa mrefu, ilimbidi ainame kupita mlangoni, na mguu wa kushoto aliuburuta. Mvua au jua alivaa koti zito la kijeshi alilorudi nalo kutoka vita ya Burma, nami wakati huo nilikuwa msichana mdogo wa kuchunga ndama. Mifuko ya koti ilikuwa imetoboka, kwa hiyo alichotia mfukoni kilikwenda kukaa kwenye pindo, na ukimwomba kiberiti ilibidi ainue koti lote alipapase kama mtu anayetafuta kupe kwa mbuzi. Wanaume wenzake walimtania kilabuni.

"Habari za kunyonyesha, mura?"

"Wameshiba," anajibu. "Lete na wako. Nasikia kwako maziwa yamekauka."

Kazi yenyewe aliipata kwa ajali. Misheni ilikuwa inatafuta mwanamke. Yeye alikuja kuezeka banda lililo ubavuni mwa kanisa, na alipokuwa juu na nyasi zake watoto chini walikuwa wanalia, mke wa katekista kaachiwa peke yake na hajui amshike nani. Akateremka awanyamazishe. Hakupanda tena. Nusu ya paa ile ilibaki bila nyasi mpaka katekista alipotafuta mtu mwingine.

Aliwaita watoto wote mura, yaani kijana wa kiume, wavulana kwa wasichana. Aliwatukana siku nzima, kichwa cha mbuzi wewe, tumbo la chura wewe, nao walimpenda kupita baba zao. Kumpiga mtoto sikuwahi kumwona. Lakini chakula chao alikula. Kila mtoto alikuja na kiazi au kipande cha ugali kwenye jani la mgomba, na Mwalimu alimega kidogo kwa kila mmoja kabla hawajala. Tukalalamika.

"Naonja sumu," akasema.

"Nani atamtilia sumu mtoto wa miaka minne?" nikamwuliza.

"Ndiyo maana naonja. Sijui ni nani."

Niliona ni ulafi tu. Nikaja kutambua kwamba vyote viwili ni kweli: alikuwa na njaa na alikuwa na hofu, na huwezi kujua kipi kilianza.

Maana aliogopa vitu vingi. Kwetu askari aliyerudi vitani hatakiwi kuogopa hata kaburi lake mwenyewe, lakini huyu aliogopa mbuzi wenye ndevu, radi, watu wanaokuja wakiwa wamenyamaza, na maji. Pale kanisani kulikuwa na kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa, kikigongwa watu wajue ibada inaanza. Kila kilipolia, Mwalimu alichutama ghafla akajifanya anafunga kamba za viatu. Alivaa katambuga za tairi, na katambuga hazina kamba. Watoto wakazoea. Chuma kikilia, darasa zima linachutama na kufunga kamba zisizokuwepo, na wageni waliopita walidhani ni namna mpya ya kusali.

Alikuwa pia mwongo. Mguu wake Ghati aliambiwa umevunjwa na kiboko. Mtoto wa Mama Robhi, jirani yangu, aliambiwa mamba. Wengine nyati, wengine chatu, na watoto walipigana njiani kutetea mnyama wao. Siku moja nikamwambia, nikimwita kama tunavyowaita baba zetu, "Tata, mimi si kidudu. Hebu sema kweli, ni nini kilichokuumiza?" Akanitazama kwa heshima kubwa. "Wewe umesoma," akasema. "Wewe nitakwambia ni tembo."

Sasa nisikilizwe vizuri juu ya jambo la hesabu, kwa sababu ndilo lililotufikisha tulikofika.

Kwetu watu hawahesabiwi. Hata ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Unawatazama rangi wakiingia zizini, unajua kwamba yule mwekundu wa pembe iliyovunjika hajarudi. Watoto ndio zaidi. Mwulize mwanamke wa Nyarero au wa Nyanungu ana watoto wangapi, atakujibu "wapo," au atakutajia majina. Kutaja idadi ni kukionyesha kifo pa kuanzia. Mimi shuleni, ng'ambo ya ziwa, nilifundishwa kwamba huo ni ushirikina. Niliandika insha juu yake, ikasomwa mbele ya darasa.

Mwalimu wa Vidudu hakuhesabu watoto. Misheni ilimletea daftari la mahudhurio, akachana kurasa moja moja akafungia ugoro. Badala yake alikuwa na kibuyu kikubwa cha mdomo mpana, kimekaa chini karibu na mlango. Kila mtoto aliokota jiwe lake mtoni, moja, la kukaa nalo mwaka mzima. La Ghati lilikuwa jeupe lenye mstari mweusi. Asubuhi mtoto akiingia anatumbukiza jiwe lake, mchana akiondoka analitoa. Jiwe likibaki, kuna mtoto hajaonekana, na kwa kuwa aliyajua mawe yote, alijua ni mtoto gani. Katikati ya siku alikuwa na swali lake moja, analipigia kelele kama afande: "Nani hayupo?" Watoto wanatazamana, wanajibu kwa pamoja, "Hakuna!"

Nilimsifu siku moja kwa kushika mila. Akakasirika.

"Mila gani? Kule vitani walitupanga mstari kila asubuhi wakatuhesabu. Kila asubuhi tumepungua. Afande anaandika, anafunga kitabu, anakwenda kunywa chai. Mimi sitaki kujua watoto ni wangapi. Nataka kujua nani hayupo."

Basi, siku ya udongo.

Aliwapeleka mtoni kuchimba udongo wa kufinyangia ng'ombe. Kwetu kulikuwa kukavu, lakini juu milimani mvua ilikuwa inanyesha. Pale mtoni akamwambia Ghati kwamba ng'ombe wake amefanana na panya. Ghati akanuna, akaenda nyuma ya matete kufinyanga mwingine. Wakati wa kurudi Mwalimu akauliza nani hayupo, watoto wakajibu hakuna, kwa sababu ndivyo walivyozoea kujibu. Wakaondoka. Angewahesabu pale pale angejua. Hilo nililiona mara moja, na bado naliona.

Mke wa katekista ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Watoto walitoa mawe yao. Mwalimu akainama akatazama kibuyuni, na huyo mama naye akatazama, na anasema mle ndani yalibaki mawe mawili. Nilidhani amekosea kwa hofu, maana mtoto aliyekosekana alikuwa mmoja. Mwalimu akachukua lile jeupe lenye mstari. Akavua koti, likaanguka mlangoni, na hapo ndipo mke wa katekista alipoanza kupiga yowe. Hakuna mtu Nyarero aliyewahi kumwona bila koti.

Mimi yowe lilinikuta kwenye cherehani. Nilikimbia na kipande cha kitambaa mkononi, sijui kwa nini sikukitupa. Nilipofika maji yalikuwa yameshapanda, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi. Mwalimu alikuwa katikati, maji yanamfika kifuani, mkono mmoja umeshika mizizi ya mti ulioangukia majini, na Ghati kakaa shingoni kwake, kamshika masikio. Yule mzee alikuwa analia kwa sauti, kama mtoto. Hakujua kuogelea. Wanaume wakaleta kamba za ng'ombe, wakawavuta.

Nikampokea mwanangu. Alikuwa baridi, na mkononi bado ana ng'ombe wake wa udongo, amelowa amekuwa uji. Nikamgeukia Mwalimu, amelala kwenye matope anatapika maji, nikasema mbele ya wote:

"Askari gani wewe? Burma ulirudi peke yako. Leo ulitaka na mtoni urudi peke yako."

Alijiinua, akachutama, akafunga kamba za viatu. Hata katambuga zenyewe zilikuwa zimechukuliwa na maji.

Nikakaa na maneno hayo mwezi, nikakaa nayo wa pili. Mama mkwe hakunisaidia. "Mtu kakutolea mtoto majini," akasema, "na wewe umenyamaza kama aliyeokotewa sindano. Mpelekee mbuzi." Sikutaka kumpelekea yeye kitu. Ukimpelekea mtu kitu lazima umtazame usoni. Nilitaka kulipelekea darasa, nitoe shukrani kubwa yenye kuonekana, nisilazimike kuomba radhi. Nasema ukweli, nimechoka kujipamba.

Kumbe kuchagua ni kazi. Mbuzi angeliwa na wazee wa kanisa. Kengele, nilishajua chuma kinamfanyaje. Vibao vya kuandikia, lakini hakuwa akiwafundisha kuandika. Mwenyewe aliandika jina lake tu, tena akilikazia macho. Mpira ungeishia kwa vijana wa ng'ombe. Nikamwuliza Ghati darasani kwao panakosekana nini. Akafikiri sana, akasema, "Chapati."

Kilichoamua ni funza. Watoto walikaa chini kwenye vumbi, na kila Jumamosi nilikuwa natoa funza kwa pini, vidoleni, visigino, hata matakoni. Nikaona, vigoda. Vigoda vidogo vya miguu mitatu, kila mtoto na chake, anyanyuke kwenye vumbi. Seremala wa bomani Tarime nilikuwa namshonea mkewe na binti zake. Akakubali tubadilishane kazi kwa kazi.

"Vingapi?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kumwambia tengeneza vingi, tengeneza mpaka mbao ziishe, na hivyo ndivyo mwanamke yeyote wa kwetu asiyekwenda shule angesema. Mimi nilitaka iwe sawasawa. Asubuhi moja nilimleta Ghati nikamkuta Mwalimu nje anafukuza beberu kwa kofia, naye akirudi nyuma kuliko beberu. Watoto walishaingia wote, na Ghati akatumbukiza jiwe lake. Nikainama kama mtu anayemfuta mtoto makamasi, nikatia mkono kibuyuni, nikahesabu. Mawe ishirini na matatu. Nikarudi kwa seremala nikasema kwa sauti, kama mtu mwenye akili zake, "Ishirini na tatu."

Vigoda vililetwa kwa mkokoteni wa ng'ombe siku ambayo akina mama walikuwa wamekuja kukandika banda, hivyo wote walikuwepo, mikono imejaa samadi. Vilikuwa vizuri. Mpaka leo nasema vilikuwa vizuri. Mwalimu alivitazama vikishushwa, ugoro umemsimamia puani.

"Nani amekupa idadi?" akaniuliza polepole.

"Hakuna. Nimekadiria."

Akaniambia niwakalishe. Watoto wakakimbilia, wakagombana, wakakaa. Kikabaki kigoda kimoja katikati yao, hakina mtu. Mwalimu, kwa mazoea, akapaza sauti, "Nani hayupo?" Na wao, wamependeza, miguu inaning'inia, wakajibu, "Hakuna!"

Mikono ya wale akina mama ilisimama ukutani. Mama Robhi akapangusa mikono kwenye kanga yake, taratibu, akaja akasimama karibu na kigoda bila kukigusa.

"Mama Ghati," akasema, "wewe ndiye uliyesoma hesabu. Hiki umemtengea nani?"

Nilikuwa na hakika ya mawe yale, niliyahesabu mara mbili. Nikamtazama Mwalimu anisaidie, aseme lolote, hata uongo wake wa tembo. Alikohoa. Akasema anakwenda kukojoa, akazunguka nyuma ya kanisa, hakurudi mpaka akina mama walipoondoka.

Jioni nikamwambia mama mkwe kwamba kesho nakwenda kukitoa kile kimoja nikipasue kuni. Alikuwa anachambua mtama, hakuinua uso.

"Ukikitoa utakuwa umechagua mtoto wa kwenda nacho," akasema. "Kiache."

Kikaachwa. Kikasogezwa ukutani. Mtoto aliyekikaribia alivutwa mkono na mama yake. Na mimi niliyeandika insha, nilipokuwa nampeleka Ghati nilipita upande wa pili.

Wiki ya tatu surua ikaingia. Ilianzia Nyanungu, ikazika huko watoto wawili, ikaja kwetu kwa mtoto wa Mama Robhi, halafu nyumba kwa nyumba. Darasa likapukutika. Waliokuwa wazima walifungiwa nyumbani, si kwa ajili ya surua, bali kwa ajili ya kigoda. Kisimani nilikuta wanawake wanazungumza, nikifika wanainua mitungi hata haijajaa. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana, maana matusi najua kuyajibu.

Halafu asubuhi moja Ghati akaamka macho mekundu, hataki mwanga.

Siwezi kueleza hofu ile kwa wanaofikiri kwamba hofu ni kelele. Ilikuwa kimya. Nilikuwa nampangusa mwili kwa kitambaa cha maji, naona vipele vinatoka nyuma ya masikio, vinateremka shingoni, na kichwani mwangu naona kigoda. Kimekaa ukutani. Kinangoja. Nilikuwa nasema moyoni, huu ni ugonjwa, una jina, hauwezi kujua habari za mbao. Na hapo hapo nasema, si ulitaja mwenyewe, kwa sauti, mbele ya seremala? Siku ya pili nilimwachia mama mkwe mtoto nikaenda bandani na shoka. Nikasimama mbele ya kigoda kile. Nikakumbuka, utakuwa umechagua. Nikarudi na shoka langu.

Siku ya tatu alasiri, mvua inanyesha, mtu akapiga hodi. Mwalimu wa Vidudu alikuwa mlangoni, koti limelowa limekuwa zito, haingii. Nikamwamkia kwa mdomo tu.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Anapumua?"

"Anapumua."

Akachutama pale pale kizingitini, akainua koti, akapapasa pindo. Akatoa jiwe. Jeusi, laini, kubwa kidogo kuliko ya watoto.

"Hili unalijua?"

"Silijui."

"Unalijua. Ulilihesabu."

Nikamtazama.

"Linakaa kibuyuni kila asubuhi," akasema. "Watoto wakishatoa ya kwao, linabaki lenyewe. Nalitoa mimi, nakwenda nyumbani. Nikilitoa najua na mimi nimeimaliza siku."

Jambo lile likaniingia. Mawe mawili aliyoyaona mke wa katekista. Watoto ishirini na wawili. "Ni lako," nikasema.

"Langu."

"Kigoda ni chako."

"Sasa si ndiyo nakwambia."

"Siku ile Mama Robhi ananiuliza mbele yako, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaenda kukojoa."

Akaligeuza jiwe kiganjani. "Wangenicheka, Mama Ghati. Mzee mzima. Nimepigana vita. Halafu nijitie kwenye kibuyu pamoja na vidudu."

Nilitaka kumpiga. Sisemi hivyo kwa kupamba, mkono uliinuka. "Watu wananikimbia kisimani," nikamwambia. "Mwanangu kalala pale, kichwani mwangu nimeshamzika mara tatu. Na wewe umeogopa kuchekwa."

"Nimeogopa."

"Mtoni hukuogopa."

"Mtoni niliogopa zaidi," akasema. "Lakini mtoni hapakuwa na mtu wa kucheka."

Mama mkwe, huko ndani gizani, akaguna. Sikujua kama ni kicheko.

"Jumapili," nikamwambia. "Watu wakitoka kanisani. Utasema."

"Sijui kusema mbele ya watu wazima."

"Basi utakaa."

Jumapili nilimwachia mama mkwe Ghati, anahema bado, nikaenda kuhakikisha. Ibada ya kwanza ilipokwisha, Mwalimu aliingia bandani akatoka na kigoda. Akakiweka uwanjani, kwenye tope, mbele ya watu wote, akakikalia. Mtu mrefu vile. Magoti yalimfika masikioni, koti likatandaa kwenye tope pande zote kama kuku anayelalia mayai. Akanyoosha kiganja chenye jiwe jeusi.

"Hiki changu," akasema. "Na hili langu. Linakaa na ya watoto." Halafu sauti ikamshinda, akatafuta ile aliyoizoea. "Nani hayupo?"

Kisha Mama Robhi, ambaye mtoto wake alikuwa ndiyo kwanza ameanza kula uji, akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wengine wakafuata, wanaume nao, mmoja akasema, "Kumbe tulikuwa tunakiogopa kidudu kikubwa," na jina hilo halikumwacha tena. Waliomcheka walikuwa wanalia pia. Wengi walikuwa na mgonjwa nyumbani. Yeye alikaa tu. Chuma kikagongwa kwa ibada ya pili, na kwa kuwa alishakuwa chini hakuwa na pa kuchutama, akashika kigoda kwa mikono miwili, kwa nguvu, akafumba macho mpaka mlio ukaisha.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza nyumbani.

Surua iliondoka kwa sababu zake yenyewe, simdanganyi mtu. Ghati akapona, ila jicho la kulia halioni vizuri tangu siku zile, akitaka kutazama kitu anageuza kichwa kama kuku. Watoto wakarudi darasani. Kila asubuhi Mwalimu alitumbukiza jiwe lake mbele ya macho ya watu na kukaa kwenye kigoda chake, na mimi na yeye tulisalimiana kwa adabu kama watu waliokwisha shtakiana. Yale maneno ya mtoni sikuyarudia wala sikuyafuta.

Miaka miwili baadaye misheni ilileta msichana aliyesomea kazi. Mume wangu naye alihamishiwa Mugumu kwa ukarani, tukahama. Naambiwa huyo msichana anawahesabu watoto kila asubuhi kwa sauti, moja, mbili, tatu, na hajafa mtu. Nafurahi. Bado sipendi kusikia.

Mwezi uliopita nilikwenda mnadani, hapa Mugumu, na Ghati. Kwenye mstari wa wauza tumbaku nikaona koti. Alikuwa amekonda sana ndani yake. Nilikuwa nimesikia kwamba amekuja kukaa kwa bintiye aliyeolewa huku. Mbele yake kuna vifurushi vya ugoro, vimefungwa kwa karatasi za daftari la mahudhurio, na chini yake, karibu kumezwa na koti, kigoda kidogo cha miguu mitatu.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, Mama Ghati." Hakushangaa hata kidogo.

"Umeiba kigoda cha watoto."

"Nimeiba nini? Hiki ulinihesabia mwenyewe. Ulinitaja bomani kwa sauti." Akatia ugoro, akapiga chafya, akafuta macho. "Kila siku nakikalia nangoja. Bado nipo."

Ghati akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho zuri. "Mwalimu, mguu wako ni kiboko au tembo?"

"Kwa wewe uliyekua," akasema, "nitakwambia ni nyati."

Nikaona kwamba nikiondoka hivi sitasema tena. Nikasema haraka, kama mtu anayetoa funza. "Tata, yale maneno ya mtoni. Niliyokwambia siku ile."

"Maneno gani?" akasema. "Siyakumbuki."

Lakini mkono wake ulishashuka. Aliinama pale kwenye kigoda, akashika katambuga yake, vidole vikaanza kufunga kamba. Ghati, ambaye hajaingia darasa lile muda wote huu, akachutama mbele yake bila kuambiwa akafunga za kwake. Watu walikuwa wanapita na ng'ombe, wananisukuma. Nilisimama kidogo nikiwa nimeishikilia kanga yangu. Halafu na mimi nikachutama. Viatu vyangu siku ile havikuwa na kamba.